Nyumba yenye joto Mbeya: nini kiingie kwenye ramani kabla ya kuomba kibali cha ujenzi?

Dada wa Isyesye

Habari zenu ndugu zangu. Nina kiwanja kilichopimwa chenye hati katika eneo la Isyesye, jijini Mbeya, na ninajiandaa kuomba kibali cha kujenga nyumba ya familia yenye vyumba vinne vya kulala, isiyo na ghorofa. Ramani nimechorewa na kijana wa Dar es Salaam ambaye kazi zake ni nzuri, lakini kila ninapoitazama naona ni nyumba ya pwani: veranda pana pande tatu, matundu ya hewa juu ya kila mlango na dirisha, sebule yenye vioo vikubwa inayotazama barabarani, na dari ambayo juu yake hakuna kitu kingine ila kenchi na bati. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai, usiku nyuzi za joto zinaposhuka chini ya 10, ataelewa wasiwasi wangu. Nyumba ninayopanga sasa ilijengwa kwa mtindo huohuo, na wapangaji wote tumeziba yale matundu kwa magazeti na maboksi.

Naomba kusaidiwa mambo matatu. Nimesoma kwamba katika nchi nyingine mtu hapewi kibali mpaka athibitishe kwa hesabu kuwa nyumba yake haitapoteza nishati ovyo. Je, halmashauri zetu nazo zina sharti la namna hiyo, au jambo hili limeachwa kwa mwenye nyumba? La pili, nikipitishiwa ramani hii kama ilivyo, halafu wakati wa ujenzi nikamwagiza fundi azibe matundu, apanue madirisha ya upande mmoja, apunguze ya upande mwingine na kuzungushia vioo veranda moja, nitakuwa nimekiuka kibali? Fundi wangu anasema hayo ni mambo madogo ambayo hakuna anayeyafuatilia. La tatu, nataka maji ya moto katika mabafu matatu, nami sijui kama yanapaswa kuonekana kwenye michoro au yanasubiri siku ya kufunga umeme.

Barabara ipo upande wa kusini wa kiwanja, kama taarifa hiyo itasaidia.

Mkaguzi Mstaafu

Dada, pokea salamu kutoka Tukuyu. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa majengo katika halmashauri hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu upande wa kibali na kuwaachia wenzangu upande wa usanifu na umeme.

Hesabu ya nishati haimo katika vitu utakavyodaiwa kwa nyumba ya kawaida ya kuishi. Ulichokisoma huenda kinahusu nchi kama Afrika Kusini, ambako tangu 2011 kanuni za majengo zina sehemu maalumu ya matumizi ya nishati inayogusa paa, kuta na madirisha, na hata kutaka angalau nusu ya mahitaji ya kupasha maji yasitegemee hita ya umeme ya kawaida. Kwetu, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji, kinachotazamwa ni umiliki wa kiwanja, matumizi yake yaliyopangwa, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, umbali wa kuta kutoka kwenye mipaka, mwanga na hewa ndani ya vyumba, pamoja na mahali pa shimo la maji taka. Michoro yako ionyeshe plani ya sakafu, mikato (nyumba ikichorwa kana kwamba imekatwa wima ili ndani ionekane), mwonekano wa pande zote, msingi, paa, na namna jengo linavyokaa ndani ya kiwanja. Maombi siku hizi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, na faili moja husomwa na macho ya watu wengi: mipango miji, ardhi, afya na mhandisi. Ungekuwa unajenga nyumba ya kulala wageni au ghorofa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lingekuwa na neno, na michoro ya nondo ingepaswa kubeba mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa.

Hata hivyo, usichukulie kwamba kwa kuwa neno nishati halimo kwenye fomu basi suala lako halimhusu mtu yeyote ofisini. Linamhusu afisa afya moja kwa moja. Yale matundu unayotaka kuyaziba ndiyo sehemu ya hewa aliyoikubali alipoipitisha ramani, na huku kwetu nyanda za juu kuna sababu ya kulishupalia jambo hili kuliko kwingine. Baridi ikizidi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na kulala. Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu kabisa kabla hajajua kuwa kuna tatizo. Chumba kilichozibwa matundu na chenye jiko la mkaa ni hatari, bila kujali ukubwa wa chumba au uzuri wa mkaa. Kama unataka matundu yapungue, mwambie mchoraji aweke matundu machache yanayoweza kufungwa na kufunguliwa, yaonekane hivyo kwenye mchoro, na nyumba ipate joto kwa njia nyingine isiyo ya moto wa wazi.

Kuhusu kubadilisha mambo njiani, fundi wako amechanganya vitu viwili. Rangi, vigae, aina ya mlango na urembo wa dari havina mtu wa kukufuata. Dirisha lina mtu, kwa sababu ukubwa na mahali pake vimeandikwa kwenye plani na kwenye mwonekano wa ukuta. Ukilipunguza, chumba kinapungukiwa mwanga na hewa iliyoidhinishwa. Ukilipanua, lenta iliyopangwa kubeba upana mmoja sasa inabebeshwa upana mwingine. Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo veranda ya vioo. Veranda iliyo wazi hutazamwa kwa jicho moja, lakini ukishaizungushia kuta na vioo imekuwa chumba, na chumba kinahesabika katika eneo lililofunikwa na jengo na katika umbali kutoka kwenye mpaka. Nyumba nyingi nilizoona zimepigwa alama ya X nyekundu ukutani hazikukosa kibali; zilikuwa nacho, ila kilichosimama kiwanjani hakikuwa kile kilichopigwa mhuri.

Njia halali ipo na si ngumu: ukitaka kubadilisha baada ya kupitishiwa, unawasilisha michoro ya marekebisho na kusubiri idhini kabla ya kujenga sehemu hiyo. Lakini wewe bado hujawasilisha. Kurekebisha leo ni kazi ya mchoraji peke yake, ilhali baada ya mhuri utalipia michoro upya na mafundi watakaa bure wakikusubiri.

Msanifu wa Gangilonga

Nakubaliana na mzee hapo juu, nami naongeza upande wa jua, kwa kuwa hapo ndipo ramani ya Dar es Salaam inapokosea ikihamishiwa Mbeya, Iringa au Njombe.

Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, wakati wa baridi yenyewe, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, kwa kimo cha nyuzi 57 hadi 58 kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini na kukaribia utosini. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini hupata jua katika miezi unayolihitaji, na huachwa bila jua la adhuhuri katika miezi usiyolihitaji. Hiyo ni bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana haja nayo, ndiyo maana mchoraji wao hakuitafuta. Pepo kavu za kipupwe nazo huja zaidi kutoka kusini-mashariki, na kwa kiwanja chako, sebule yenye vioo vikubwa inayotazama barabara ya kusini itakosa jua la Juni na wakati huohuo kupokea upepo.

Ningeigeuza ramani. Sebule na angalau vyumba viwili vya kulala vitazame kaskazini, yaani upande wa uani. Bafu, stoo na korido viende kusini na kusini-mashariki vikiwa na madirisha madogo. Upande wa magharibi uache madirisha ya kiasi, kwani jua la jioni la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, linachoma hata huku kwetu.

Halafu kuna veranda. Chukua kimo hicho cha jua la Juni, piga hesabu ya kivuli, uone mwenyewe. Paa lililotokeza sentimita 60 hutupa kivuli kinachoshuka kama sentimita 95 chini ya ukingo wake. Likitokeza sentimita 90, kivuli hushuka takriban mita 1 na sentimita 40. Na veranda ya mita 2 hushusha kivuli zaidi ya mita 3, kwa hiyo dirisha lililo nyuma yake halioni jua la adhuhuri hata kidogo. Kama ukingo wa paa lako uko mita 2 na sentimita 40 kutoka sakafuni, na dirisha linaanzia sentimita 90 hadi mita 2 na sentimita 10, basi kwa sentimita 60 karibu nusu ya chini ya kioo itapata jua, na kwa sentimita 90 utabaki na ukanda mwembamba tu. Usipunguze chini ya sentimita 60, hasa ukijenga kwa tofali za kuchoma bila lipu nje, kwa sababu mvua za Novemba hadi Aprili zitakula ukuta. Veranda ondoa kaskazini, bakiza ya kuingilia upande wa barabara. Kwa kufanya hivyo hata lile wazo la kuzungushia vioo halitakuwa na kazi.

Joto jingi zaidi hupotelea juu. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hata hewa ya nje, ndipo asubuhi unaliona likitokwa jasho na kudondosha maji juu ya dari. Pamba ya kioo iliyotandazwa juu ya dari, yenye unene wa sentimita 5 tu, inabadilisha nyumba kuliko dirisha lolote la bei ghali. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye sentimita 23 nao huzuia joto vizuri kuliko bloku za saruji za inchi 6, na Mbeya tofali hizo hazikosekani. Yote haya yaandikwe kwenye mkato wa ramani, ukuta, dari na kilicho juu ya dari, ili fundi asije akasema hakuambiwa.

Mnyalukolo wa Mafinga

Pamba ya kioo ni ghali, dada. Huku Mafinga tuna viwanda vya mbao za Sao Hill na randa, yaani vipande vyembamba vya mbao, inatupwa bure. Wapo watu wanaimwaga juu ya dari, unene wa shubiri moja, na nyumba inakuwa na joto la kutosha. Kwa nini asifanye hivyo?

Mkaguzi Mstaafu

Mnyalukolo, joto inahifadhi, hilo sibishi. Lakini juu ya dari ndiko zinakopita nyaya, ndiko yaliko maungio ya taa, na randa kavu inahitaji cheche moja tu. Panya na mchwa nao huikaribia kama mwaliko. Siwezi kumshauri mtu aiweke kwenye nyumba ya kulala watoto, na mkaguzi wa zimamoto akiiona kwenye jengo la biashara hatalipitisha.

Dada wa Isyesye

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimempigia mchoraji na amekubali kuigeuza. Shida imebaki kwa mume wangu, ambaye anasema sebule ikitazama uani watu watatuona tumewageuzia kisogo majirani, na nyumba itakosa sura. Pia bado nasubiri kusikia kuhusu maji ya moto.

Msanifu wa Gangilonga

Mwambie shemeji kwamba sura ya nyumba kwa mpita njia ni paa, mlango mkuu na veranda ya kuingilia, na vyote hivyo vinabaki barabarani. Korido pana inaweza kumpokea mgeni upande wa kusini na kumfikisha sebuleni upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini usiachwe mtupu. Madirisha ya bafu na ya korido yakipangwa kwa mstari mmoja na kuwekewa fremu zinazofanana, hakuna atakayejua kilicho nyuma yake. Kama bado hakubali, msogezee kiti kwenye ukuta wa kaskazini wa nyumba mnayopanga, saa nne asubuhi ya Julai, kisha mhamishie kusini.

Fundi Umeme Njombe

Nimechelewa kuiona mada hii. Dada, maji ya moto yasisubiri siku ya kufunga umeme, kwa sababu yanaamua mambo mawili yanayogharimu fedha: ukubwa wa umeme utakaoomba na nguvu ya kenchi zako.

Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24 kwenye umeme wa volti 230. Kila moja inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la usambazaji, breka yake na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, si ule unaoishia kwenye kipande cha nondo kilichochomekwa kwenye mchanga mkavu. Mabafu matatu yakiwashwa pamoja asubuhi ya shule ni ampea 72, kabla hujawasha pasi wala birika. Kwa mzigo huo umeme wa njia moja utakusumbua, na ukishaunganishwa kisha ukataka njia tatu, ni maombi mapya na malipo mapya. Kwa hiyo orodhesha vifaa vyako mapema na fundi, ili unapoomba kuunganishiwa kupitia mfumo wa Nikonekt wa TANESCO uwe unajua unachoomba. Fundi huyo awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linaloruhusu kazi ya nyumba yako, kwa kuwa yeye ndiye atakayesaini kwamba nyaya ziko salama. Muombe akuonyeshe leseni yenyewe na utazame tarehe yake ya mwisho. Wapo wanaotembea na saini za wenzao.

Mimi ningekushauri utumie jua kupasha maji na uache hita moja tu ya umeme kwa siku za mawingu. Kwa Mbeya mjini, miezi ya baridi ina jua la kutosha mchana. Tukuyu, kwa mzee wetu, mawingu na manyunyu ya miezi hiyo yangekufanya utegemee umeme zaidi. Lakini tangi la lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, ukiacha uzito wa tangi na vioo vya kupokea jua, na linakaa mahali pamoja juu ya paa. Kenchi za kawaida zilizopangwa kubeba bati hazikuhesabiwa kwa mzigo huo. Onyesha kwenye mchoro wa paa mahali tangi litakapokaa, upande wa kaskazini, karibu na mabafu kadiri inavyowezekana ili mabomba yasiwe marefu, na mhandisi aongeze mbao au ukuta wa kuegemea chini yake. Kwa wanaojenga Makete au maeneo ya kuelekea Kitulo, ambako sakitu huonekana, wachague aina ambayo maji ya kuoga hayapiti moja kwa moja kwenye vioo, la sivyo maji yataganda usiku na kupasua mirija.

Kwa kuwa ramani bado iko mikononi mwa mchoraji, mwambie pia aonyeshe mahali pa mtungi wa gesi nje ya ukuta wa jiko, kwenye kibanda chenye hewa, pamoja na tundu la kupitishia bomba. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na wengi wanaohamia gesi sasa wanaishia kuweka mtungi chini ya meza ya jiko kwa sababu nyumba haikuiandalia nafasi.

Dada wa Isyesye

Nimeelewa vizuri. Swali dogo la mwisho kwa mzee wetu: mchoro wa paa ukionyesha tangi na mkato ukionyesha pamba ya kioo, je, halmashauri inaweza kunikatalia au kunitoza zaidi kwa kuongeza vitu ambavyo haikuviomba?

Mkaguzi Mstaafu

Hawatakukatalia kwa sababu hiyo. Ada hufuata jengo lenyewe, na maelezo ya ziada kwenye mkato hayaongezi jengo. Mhandisi anaweza kuuliza tangi limebebwa na nini, ndiyo maana ni vema jibu liwe tayari kwenye mchoro. Ila hakikisha plani, mkato na mwonekano vinakubaliana baada ya ramani kugeuzwa. Mara nyingi mchoraji hugeuza plani na kusahau alama ya kaskazini, au mchoro wa kiwanja ukabaki na nyumba ya zamani, na faili hurudishwa kwa jambo hilo tu. Ukishapata kibali, soma tarehe ya ukomo iliyoandikwa juu yake, na nakala ya ramani yenye mhuri ikae saiti na si kabatini nyumbani. Mkaguzi atakapokuja kutazama msingi kabla ya kumwaga zege, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoomba.